Leo Umeona Nini, Nyambura?

Wiki iliyopita nilimtembelea Wanja, binti ya dada yangu, kwenye nyumba anayopanga hapa Uthiru. Nyumba safi, sofa mpya, runinga kubwa kuliko dirisha. Na ukutani, juu kabisa, karibu kugusa dari, ametundika fremu ya kununua supamaketi. Ndani yake kuna mzungu, mke wake na mtoto wao, wanacheka kando ya bahari.

"Wanja, hawa ni akina nani?"

"Sijui, Tata. Walikuja na fremu."

"Na wameishi hapa tangu lini?"

"Tangu nihamie. Hawanisumbui."

Nilikunywa chai yangu shingo imepinda, nikitazama tundu za pua za watu nisiowajua. Mama yake Wanja ana picha nzuri sana aliyopigwa shambani akiwa amebeba kabichi kama mtoto mchanga. Iko wapi? Kwenye simu. Kila kitu chenu nyinyi vijana kiko kwenye simu, na ukuta mmewaachia wageni.

Basi nimeamua kusema. Mimi nilitengeneza fremu za picha River Road, mjini Nairobi, tangu nikiwa msichana mpaka bega la kulia liliponikatalia. Hamkuniuliza, najua. Nyinyi huwa hamuulizi, mnatafuta kwenye video. Lakini leo mtanisikiliza.

Kwanza, tuondoe upuuzi njiani. Picha si taa ya barabarani. Katikati ya picha kukae sawa na macho ya mtu aliyesimama, na kama nyumbani kwenu wote ni wafupi, ishusheni, hakuna polisi atakayekuja. Tundika kwa misumari miwili, maana picha ya msumari mmoja huinama kila mlango unapobamizwa. Usiiweke mkabala na dirisha la jua wala juu ya jiko. Kadibodi inayoizunguka picha ndani ya fremu, upande wa chini uwe mpana kidogo kuliko wa juu. Ukizipima sawa kwa rula, jicho litakwambia picha inateleza chini. Usiniulize kwa nini. Jicho lina ujinga wake na fundi analipwa kuujua.

Hayo yote nilifundishwa na Mzee Shitandi, na hakuna mtu aliyewahi kunichosha hapa duniani kama yeye.

Alikuwa mtu wa Kakamega, aliyekuja Nairobi kijana kutafuta kazi kama wengine, akapanga chumba kwenye ploti ya baba yangu hapa Uthiru. Yeye na mkewe, Mama Rosa, walikaa kwetu miaka mingi hadi watu wakadhani ni ndugu zetu, ingawa sisi ni Wakikuyu na yeye alipoongea Kikuyu mbwa walikimbia. Nilipomaliza shule na kukaa nyumbani bila shughuli, alimwambia baba: "Huyu msichana anaharibu kiti yako kwa kukaa. Nipatie niende naye kazini." Baba hakuniuliza maoni. Asubuhi iliyofuata nilikuwa River Road.

Duka lake lilikuwa chumba cha juu, ngazi ya mbao, kati ya muuza vifaa vya ujenzi na mtu wa kuchapisha kadi za harusi. Mashine ya yule mchapishaji ilikuwa inatingisha ukuta kutwa nzima. Kila picha tuliyotundika kwa maonyesho ililala upande. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka nikizinyoosha, na kila jioni zilikuwa zimeinama tena kama walevi. Mteja akishangaa, Mzee anasema bila kugeuka, "Ni mashine ya jirani." Kumbukeni jambo hilo la mashine, maana nitalihitaji muda si mrefu.

Kukata kioo alinifundisha kwa kunipigia kelele. Unachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, unavuta mstari mara moja tu, kwa uzito ule ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, na unasikiliza. Kioo kikikatika vizuri kina sauti ya kitambaa kinachopasuliwa. Kikilia kama paka, umeharibu. Na usirudie mstari! Nilirudia mistari mwaka mzima. Nilivunja vioo mpaka yule wa vifaa vya ujenzi akawa ananisalimia, "Niaje, Mama Vipande."

Lakini hayo ni ya kawaida, kila fundi humpigia mwanafunzi kelele. Kilichonichosha ni ule ukuta wake wa nyuma.

Nyuma ya meza ya kazi kulikuwa na msumari mmoja mtupu. Mzee angeokota kitu chochote, kichungi cha chai kilichotoboka, kifuniko cha sufuria, jembe lililolika, kitana, akakitundika pale kwa siku kadhaa. Halafu ananiita.

"Nyambura. Angalia."

"Nimeangalia, Mzee. Ni kifuniko ya sufuria."

"Sijakuuliza jina yake. Nimekwambia angalia."

Niangalie nini? Kulikuwa na fremu za watu zinangoja, wateja kwenye ngazi, na yeye anasimama mbele ya kifuniko kilichobonyea akitabasamu kama mtu aliyepata barua ya mpenzi. Anasema, ona pale kilipobonyea, mwanga unakaa kama maji. Mimi nilikuwa naona kifuniko kilichobonyea. Nilikuwa fundi wa kona. Kona nne, zifungane bila nafasi ya kupitisha hata unywele, basi. Mateso yangu yalikuwa kona, na fahari yangu kona. Picha iliyokuwa katikati haikunihusu. Ilikuwa kama abiria kwa dereva: alipe, akae, ashuke.

Tukafanya kazi hivyo miaka na miaka, yeye akitabasamu, mimi nikiguna. Nikaolewa bila kuhama ploti, nikazaa, nikarudi kazini. Nywele zake zikawa nyeupe, na zangu zikaanza kufuata.

Sasa nije kwa Spring Valley, mtaa wa matajiri.

Kule kulikuwa na mwanamke tuliyemwita Mama Sophia, aliyestaafu biashara ya kuagiza vitambaa. Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa amenunua michoro ya wachoraji wa hapa Nairobi kidogo kidogo maisha yake yote, mingine aliinunua mchoraji akiwa bado hana viatu. Ilikuwa imejazana chini ya vitanda. Alipostaafu alitaka kuitundika yote kwenye ukuta wa ngazi za nyumba yake, ili akipanda kwenda kulala aipite yote. Tulitengeneza fremu muda mrefu. Halafu tukaenda kutundika.

Mzee Shitandi hakuwahi kutumia pimamaji. Kile kifaa chenye povu ndani alikiita kifaa cha waoga. Alikuwa akisimama mbali, anafumba jicho moja, anasema "pandisha, shusha, hapo," na ukienda kupima, ilikuwa sawa kabisa. Watu walikuwa wakimwekea dau.

Siku ile alitundika ukuta mzima mwenyewe. Mimi nilimpa misumari na kushika ngazi. Alipomaliza alishuka, akapangusa mikono, akasema, "Imesimama."

Nikarudi nyuma niangalie. Wanangu, picha zote zilikuwa zimelala. Si moja, si mbili. Zote, kuelekea upande wa mlango, kama watu wanaosikiliza umbea wa nje. Nikageuka kutafuta mashine ya jirani. Spring Valley hakuna mashine ya jirani. Kuna miti na ndege.

Mama Sophia alikuwa amesimama chini ya ngazi na glasi ya maji. Aliona. Niliona kwamba ameona. Akasema, "Asanteni sana, ni... zimependeza," akanivuta jikoni kwa kisingizio cha kunifungia ndizi.

"Nyambura, mwambie."

"Mimi? Hii ni nyumba yako, Mama Sophia. Mwambie wewe."

"Yeye ni mzee wako."

"Lakini ngazi ni yako!"

Tulibishana pale kwa kunong'ona kama wezi, mwanamke wa Spring Valley na mwanamke wa Uthiru, tukishikilia mkungu mmoja wa ndizi kila mtu upande wake. Mwishowe hakuna aliyemwambia. Tukaondoka. Njia nzima Mzee alikuwa anaimba.

Nilikasirika sana, na nilikuwa sijui namkasirikia nani. Nilianza kurudisha akili nyuma. Vile vioo vilivyokuwa vinatoka vifupi siku hizi, nilivyodhani ni mimi niliyepima vibaya. Vile alivyokuwa akizungusha kichwa kama kuku anapotafuta nyundo iliyo mbele yake. Na zile picha za dukani alizozitundika yeye, tulizokuwa tukisingizia mashine. Yule mchapishaji alikuwa amehama mwaka uliotangulia! Mashine ilikuwa haipo, na sisi bado tunaisingizia, yeye kwa sababu haoni, mimi kwa sababu siangalii.

Kesho yake nilimkuta kwenye bomba la maji pale kwenye ploti, anajaza mtungi. Nikasema bila salamu, maana ningeanza na salamu ningeishia hapo.

"Mzee, picha za Spring Valley zimelala."

"Zimelala wapi?"

"Zote. Kuelekea mlangoni."

Akafunga bomba polepole. "Nilikufundisha kushika nyundo, Nyambura. Sasa unataka kunifundisha kuona?"

"Mzee, sijasema..."

"Umesema."

Akabeba mtungi wake akaenda. Na kuanzia hapo akaacha kunisalimia. Mnajua maana ya kutosalimiana na mtu mnayetumia naye bomba moja, lango moja, na duka moja? Alikuwa akinipitia kama nguzo ya stima. Akitaka gundi, anaiambia meza: "Kama kuna mtu ana gundi, ailete." Nilikuwa naileta, naiwekea meza, naiambia meza: "Gundi ndiyo hii." Wateja walidhani tumeingia dini mpya.

Aliyemaliza ule upuuzi ni Mama Rosa. Jumapili moja baada ya kanisa alinivuta kwa mkono mpaka chumbani kwao, Mzee akiwa amekaa pale pale, akaweka kikombe mezani na thermosi kando yake.

"Baba Rosa, jimiminie chai."

"Sitaki chai."

"Jimiminie."

Akamimina. Nusu iliingia, nusu ikatembea mezani ikadondoka kwa magoti yake. Hakujua mpaka ilipomchoma.

"Nimepangusa meza hii mpaka imebadilika rangi," Mama Rosa akasema. "Nikinyamaza ili usione haya. Huyu Nyambura amekuwa na roho ya kusema, na wewe unamnunia. Kesho tunaenda kwa daktari. Sisi watatu."

Tulienda. Daktari alikuwa msichana mdogo mpole, alimfunika jicho hili, akamfunika lile, akampeleka kwenye mashine ya kuangalia ndani. Akasema ni presha ya macho. Imekuwa ikimla polepole kutoka pembeni, ndiyo maana anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kuna dawa ya matone, ya kulinda kidogo kilichobaki.

"Na kile kimeenda?" Mzee akauliza.

"Kile kimeenda hakirudi, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akasema asante, akasimama, akagonga kiti.

Nilidhani ubishi wake ndio kitu kibaya zaidi angeweza kunifanyia. Sikuwa nimeona kimya chake. Aliacha kuja dukani. Alikuwa anakaa mlangoni mwa chumba chake, uso umeelekea ukuta wa mabati wa jirani, kutwa. Mama Rosa akimpikia mboga ya mrenda na ugali, vitu anavyovipenda, anakula tonge moja. Nilimpelekea fito za fremu apige msasa nyumbani, nikidhani nitamsaidia mikono ishike kazi. Akazipapasa, akanirudishia.

"Mpelekee mtu anayehitaji kudanganywa," akasema.

Nikarudi nazo, nimekasirika mpaka machozi. Sikujua njia nyingine ya kumfariji mtu. Mimi ni fundi wa kona.

Huku nyuma Mama Sophia anapiga simu. Hakutaka kuharakisha mtu, alisema, lakini mgeni wake mmoja alipanda ngazi akapata kizunguzungu. Ilibidi niende nizinyooshe. Sijui ni shetani gani aliyenituma kupitia kwa Mzee kumwambia.

"Naenda Spring Valley. Naenda na pimamaji."

Akashika mwimo wa mlango, akainuka. Halafu akasema, "Ngoja nivae koti."

"Ya nini, Mzee? Utaanguka kwenye ngazi za watu."

"Kama ni kuanguka, nitaanguka nikiwa na koti."

Basi huyo, tukaenda. Mama Sophia alitufungulia, akamshika Mzee mkono kama mgeni wa heshima, akamkalisha kwenye ngazi ya chini. Nikaanza kazi. Natoa picha, nang'oa msumari, napima, napiga msumari mpya, narudisha. Hakusema kitu mpaka nilipokuwa na picha ya pili mikononi.

"Hiyo iko na nini?"

"Iko na fremu ya mvule, ile tulimaliza mwezi wa..."

"Sijauliza fremu. Ndani."

Nikaiangalia. "Ni mwanamke."

"Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Amekaa juu ya nini?"

"Mzee, hii kazi itaisha saa ngapi?"

"Amekaa juu ya nini, Nyambura?"

Ilibidi niisogeze kwenye mwanga. Nawaambia ukweli, ile picha nilikuwa nimeikata kioo mimi, nimeibandika mimi, nimeifunga kona mimi, na nilikuwa naiona mara ya kwanza. "Amekaa juu ya kreti ya soda. Ameipindua."

"Eeh."

"Anamenya njegere. Zingine zimeanguka chini."

"Viatu?"

"Amevaa patipati... hapana, moja tu. Ile nyingine iko huko mbali. Kama ameitupa na mguu."

"Kwa nini?"

"Nitajuaje? Labda kunawasha! Labda jua!" Halafu nikaona. "Mguu ameuweka juu ya simiti. Pale kuna kivuli. Anaupoza."

Mzee akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya daktari. Alicheka kwa kifua, kichwa kimeegemea nguzo ya ngazi, akasema, "Huyo mwanamke anajua kukaa. Ya tatu?"

Ilituchukua kutwa nzima. Kazi ya saa mbili tatu ikatuchukua kutwa nzima! Mama Sophia mwenyewe alikuja akakaa kando yake, na nikitaja kitu anasema, "Hapana, huyo si mbwa, ni mbuzi," nami nasema ni mbwa, na Mzee anataka tumweleze masikio. Nilishuka pale bega linawaka na sauti imekwisha. Lakini picha zilisimama, na jioni Mama Rosa alinipigia simu kuniuliza nimempa nini mzee, maana amekula akaomba aongezewe.

Mngedhani hapo ndipo mambo yangetulia. Nilidhani hivyo pia. Asubuhi iliyofuata natoka langoni kwenda kazini, namkuta amesimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Leo umeona nini, Nyambura?"

"Nimeamka sasa hivi, Mzee. Sijaona kitu."

"Basi jioni utaniambia."

Na jioni alikuwa pale. Na kesho yake. Nikimwambia nimeona magari, anasema hiyo si kuona, hiyo ni kuhesabu. Nikimwambia nimeona mama mboga wa pale stejini, anauliza amepanga nyanya vipi. Nani anajua nyanya zimepangwa vipi? Basi siku nyingine nikasimama kuangalia, ili tu nimnyamazishe. Nikaona anazipanga kama mnara, tatu chini, moja juu, na ile iliyo na jeraha inageuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikamletea hilo. Alilitafuna usiku mzima, Mama Rosa aliniambia. Nikamletea yule wa vifaa vya ujenzi, anavyotundika vikombe vya bati nje ya duka kutoka kikubwa hadi kidogo, na upepo ukija vinaitana kwa zamu. Nikamletea mpiga viatu rangi ambaye sanduku lake amelipaka kila rangi aliyowahi kutumia, akijaribia brashi hapo. Nikamletea fagio la vijiti la kwetu, lililolika upande mmoja kwa sababu anayelitumia ni wa mkono wa kushoto.

Siku moja nilinyeshewa kutoka River Road mpaka nyumbani, viatu vinapiga kelele, nikafika langoni nimechoka kupita kiasi. Akafungua mdomo.

"Usiulize!" nikamwambia. "Leo sijaona kitu. Ilikuwa mvua tu."

"Basi niambie mvua."

Nilipiga yowe. Jirani alitoka na panga. Nikamsimulia mvua, meno yananigonga, jinsi ilivyokuwa inaruka kutoka kwenye turubai za wachuuzi, na wote walivyokuwa wakizisukuma kwa vijiti vya fagio kutoka chini, kila mmoja kwa wakati wake, maji yakimwagika huku na kule kando ya barabara kana kwamba mtaa unapiga chafya. Nilipomaliza nilikuwa nacheka, nimelowa, pale langoni, na jirani bado ameshika panga.

Sijui niwaelezeje nyinyi. Sikupata utajiri. Miguu iliendelea kuuma. Lakini nilianza kufika kazini na kichwa kikiwa chepesi. Nikianza kukata kadibodi, kwanza niliigeuza picha nikaitazama kwa muda, na wateja wakawa wanasema fremu za siku hizi zinaikaa picha vizuri. Nyumbani nikatoa vyungu vya mama yangu kabatini nikaanza kupikia. Mume wangu akauliza kama kuna wageni.

Halafu zikaja kanvasi za kuchapisha. Mtu anapeleka picha ya simu, inatoka imekwisha kuvutwa kwenye mbao, haina kioo, haina kona, haina kazi yangu. Zikaja fremu za plastiki zenye wazungu ndani. Bega likasema basi. Nikafunga duka. Kabla ya hapo Mzee na Mama Rosa walikuwa wamesharudi kwao, karibu na Kakamega, kwenye nyumba waliyojenga kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba. Kwaheri yetu ilikuwa fupi. Alisema simu iko.

Simu iko kweli. Anapiga Jumapili katikati ya mahubiri. Anapiga nikiwa naoga. Siku hizi hata ule mwanga wa katikati ya bomba umemzimikia, na anataka kila kitu. Namwambia, na yeye ananiambia Nairobi imechakaa siku hizi au ni mimi nimezeeka, maana namletea habari nyembamba.

Mwezi uliopita alipiga, nikaanza kutafuta cha kusema, akanikatiza.

"Leo nyamaza. Nimepata kibuyu."

"Kibuyu?"

"Cha mama ya Mama Rosa. Kilikuwa juu ya dari. Shingo imeenda kando kama mtu ameitwa. Kimepasuka hapa, kikashonwa na waya, mshono kama wa kiatu. Sasa sikiza. Ukikiweka bila kitu, kinalala. Ukikijaza maji, kinasimama wima, hakitingishiki. Nimekijaza, nimemwaga, nimekijaza, tangu asubuhi. Mama Rosa anataka kunipiga."

"Ni ya rangi gani?"

Hapo sauti yake ikapanda: "Mimi nitajuaje rangi, Nyambura? Kwani nimekupigia ya nini? Si ukuje uangalie!"

Nikapanda basi. Mwanamke wa umri wangu, na bega hili, safari ya kutwa kwenda kuangalia kibuyu. Wanja alisema nimepagawa. Nilifika nimevimba miguu, nikasalimiwa mulembe na kila jirani, nikakalishwa uani. Mzee alikuwa amepungua, mashavu yameingia ndani, macho yameelekea mahali ambapo sikuwa. Hakuniuliza safari. Akaninyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

"Sema."

Nikakigeuza kwenye jua. Nikakichungulia pande zote. "Ni kahawia, Mzee."

"Kahawia gani? Kuna kahawia na kahawia."

"Si kahawia," Mama Rosa akasema kutoka jikoni. "Hiyo ni nyekundu ya udongo."

"Nyekundu wapi, Mama Rosa? Toka nje uone. Ni rangi ya chai."

Mzee akaegemeza fimbo yake ukutani, akasogeza kiti karibu yangu mpaka magoti yakagusana. "Chai ya nani?" akauliza. "Chai yako ya Uthiru ama chai ya huyu?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona sina hakika. Nikakigeuza tena kwenye jua, nikaangalia.